Nani Alipe Dawa ya Mbu wa Mpakani?

(Maneno haya yalisomwa mbele ya wanachama tawini na ndugu yetu afanyaye biashara ya duka Bukene, Mkoa wa Tabora. Tumeyapiga chapa kama yalivyosemwa.)



Katibu ametutaka tuseme neno juu ya khabari za huko bara tunakochuma. Hatukutaka kuja na khabari za bei ya mchele wala za mizigo inayolala bandarini, kwani hizo kila mwenye ndugu bara huzisikia kwa simu kila usiku. Tumechagua jambo moja tu, nalo ni homa ya malaria, na khasa fedha za kumpiga vita mbu: nani azitoe, zikae kwa nani, na kwa nini kila mmoja humngojea jirani yake atoe kwanza. Twajua wako humu watakaonong'onezana kwamba hawa wametoka Bukene kuja kutuhubiria mbu wa Unyamwezi, ilhali visiwa vyetu vimekwisha kuponyoka katika janga hilo. Hao twawaomba subira, kwani zamu yao itafika.

Bukene ni mji mdogo wa reli. Uko katika Wilaya ya Nzega, juu ya njia ya gari moshi iliyotoka Tabora ikafika Mwanza mwaka 1928. Kabla ya reli nchi ile ilikuwa nchi ya misafara. Babu za watu wengi waliomo humu ukumbini waliijua: walivuka wakatua Bagamoyo, wakapanda mpaka Tabora, ambayo wageni waliiandika kwa jina la Kaze, na wenye safari ya Karagwe na Buganda wakashika njia ya kaskazini. Speke naye alitoka Kaze mwezi wa Julai 1858, akapita nchi hizo za kaskazini, na mwanzo wa Agosti akaliona ziwa. Mwenzake Burton akabaki Kaze. Wote wawili walikuwa wamekwisha kuadhibiwa na homa. Hatuyataji haya kwa kujipamba na tarikh. Twayataja kwa kuwa homa ndiyo iliyokuwa ushuru wa njia ile, kila msafara uliulipa, na njia imegeuka reli, lakini ushuru ule haujafutwa hata leo.

Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 watoto wa umri wa miezi 6 hadi 59 walipimwa damu nchi nzima. Kwa Tanzania yote waliokutwa na malaria walikuwa 8 katika kila 100. Katika Mkoa wa Tabora walikuwa 23 katika kila 100, na hapakuwa na mkoa uliouzidi. Kwetu Zanzibar hawakutimia hata mmoja katika 100. Na Tabora si mkoa wa watu wachache wa kutupwa kando ya hesabu: sensa ya mwaka huohuo ilikuta humo watu 3,391,679, hali visiwa vyetu vyote pamoja vilikuwa na watu 1,889,773.

Sisi wenye maduka huisoma homa hiyo kwa njia yetu. Hatuna darubini, lakini tuna daftari la mikopo. Mvua zikianza mwezi wa Novemba, mkulima wa mpunga huchukua jembe na mbegu kwa mkopo; ikifika Februari na Machi, mkopo hubadilika sura, ukawa wa sukari, uji, nauli ya kumpeleka mtoto kituo cha afya, na shilingi za vidonge. Mwezi wa kuvuna anapokuja kulipa, ndipo tunapoona kwamba gunia moja zima, na pengine mawili, limekwisha kuliwa na homa kabla ya kufika ghalani. Mwenye kutaka kujua kwa nini mtu hufanya kazi mwaka mzima akabaki palepale, na asiishie katika vitabu vya uchumi, na aje alifungue daftari hilo.

Sababu yake mtu huiona kwa macho. Nchi ya Nzega ni tambarare, na penye mbuga udongo ni mweusi, haunywi maji upesi. Watu wamejenga majaruba ya mpunga, na jaruba lililojaa maji ya kina kifupi, lenye jua, kabla mpunga haujafunga kivuli, ndilo kitanda apendacho mbu wa malaria. Tena yako malambo ya kunyweshea ng'ombe, na kando ya lambo ng'ombe huacha alama za kwato, na kila alama ya kwato ikishika maji ni nyumba ya viluwiluwi. Yako mashimo waliyochimba wafyatua matofali, na mifereji ya barabara iliyozibwa. Watu wa afya husema katika joto kama la huko yai hutoka mbu mzima kwa muda wa siku kumi hivi. Yaani maji yaliyotuama leo Ijumaa, Ijumaa ya kesho kutwa yake yamekwisha kutoa kikosi.

Sasa tufike penye tatizo la mpaka. Ukipanda reli kutoka Bukene kwenda kaskazini unafika Isaka, na hapo umekwisha kutoka Mkoa wa Tabora umeingia Mkoa wa Shinyanga, katika Halmashauri ya Msalala. Ukishuka kusini, kabla ya kufika Tabora mjini unakata nchi ya Halmashauri ya Uyui. Na wilaya ya Nzega yenyewe ina halmashauri mbili, ya wilaya na ya mji. Kila moja ina mkurugenzi wake, madiwani wake, bajeti yake, na bwana afya wake. Mbu huruka mwendo wa kilomita moja au mbili bila taabu, na kijiji kikiwa huku na lambo likiwa kule, basi watu wa halmashauri moja wanaumwa na mbu wa halmashauri nyingine. Mwenye lambo husema: mimi kwangu hakuna nyumba hapo, kwa nini nitie dawa? Mwenye nyumba husema: maji si yangu, nitatiaje dawa katika mali ya mtu? Kila mmoja kasema kweli, na mtoto kaumwa.

Lau dawa yenyewe ingekuwa ya kutia mara moja kwa mwaka, pengine ugomvi huu ungemalizika kwa baraza moja la wazee na kikombe cha kahawa. Walakini dawa ya kuua viluwiluwi haiko hivyo. Inayotumika sasa si sumu kama zile za zamani, bali ni vijidudu viwili vya aina ya bakteria ambavyo kiluwiluwi akivila hufa, na mtu, ng'ombe na samaki hawadhuriki. Sifa yake hiyo ni kubwa, lakini ina aibu moja: nguvu zake huisha upesi. Kwa kawaida hutiwa kila baada ya wiki moja, na aina nyingine huweza kungojewa zaidi kidogo. Basi fikirini, ndugu zangu. Halmashauri ya kwanza imenunua, inatia kila wiki, watu wake wanapita na mabomba mgongoni. Halmashauri ya pili fedha zake zimechelewa miezi miwili. Katika miezi miwili hiyo upande wa pili umekwisha kutoa vizazi kadha vya mbu, wakavuka, na yule aliyelipa akawa kama mtu aliyefagia ua wake ilhali jirani anapeta pumba juu ya upepo. Mwaka wa pili aliyelipa naye hulegea, kwa kuwa diwani wake amemwuliza kwenye baraza, na ni haki yake kuuliza: fedha zetu zimefanya nini, mbona mbu ni walewale?

Dawa ipo, na ipo hapahapa nchini. Mwaka 2015 kilifunguliwa kiwanda Kibaha, Mkoa wa Pwani, kwa ufundi wa Wakyuba na mali ya Shirika la Maendeleo la Taifa, chenye uwezo wa kutengeneza lita milioni 6 kwa mwaka. Mwezi wa Juni 2017 Rais Magufuli alikizuru kiwanda hicho akaona dawa imelala ghalani, akaamrisha halmashauri zote nchini zikainunue. Amri ilikuwa nzuri na nia yake ilikuwa njema. Lakini sisi wafanya biashara tunajua kwamba kumwamrisha mtu anunue si sawa na kumpa cha kununulia. Mwaka huohuo wa 2017 serikali iliwapunguzia wakulima ushuru wa mazao, kutoka asilimia 5 kuwa 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima alifurahi, na sisi tulifurahi pamoja naye. Lakini ushuru huo ndio uliokuwa mfuko mkubwa wa halmashauri za vijijini. Mwaka uliofuata ikaja sheria kwamba asilimia 10 ya mapato ya ndani itengwe kuwa mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, nayo ni sheria ya kheri. Kilichobaki kina madawati, zahanati zisizo na paa, posho za vikao (ambazo, ajabu, hazichelewi kamwe), na madeni. Katika sahani hiyo mbu hupata makombo.

Kiasi gani basi kinatakiwa? Hapa tunaomba mturuhusu tupige hesabu ya dukani. Jiji la Dar es Salaam liliendesha kazi ya namna hii kwa mpango maalumu uliofunguliwa mwaka 2004. Kutia dawa kulianza mwaka 2006 katika kata 3, ikafika 2008 zikawa kata 15, katika manispaa zote tatu za wakati huo, Ilala, Kinondoni na Temeke. Kazi walifanya watu wa mitaani wenyewe, kila mmoja na eneo lake la kukagua kila wiki, dimbwi kwa dimbwi. Waliochunguza gharama zake baadaye walipata kwamba kumkinga mtu mmoja kwa mwaka kulihitaji senti 94 za dola ya Marekani. Tukihesabu dola kwa shilingi 2,500, hiyo ni shilingi 2,350. Chukueni vijiji vilivyopakana vya halmashauri tatu, tuseme vina watu 20,000. Jumla ni shilingi milioni 47 kwa mwaka. Ikiwa 12,000 wako halmashauri ya kwanza, 5,000 ya pili na 3,000 ya tatu, basi mgawo ni milioni 28 na laki mbili, milioni 11 na laki saba unusu, na milioni 7 na elfu hamsini. Bila shaka Dar es Salaam watu wamebanana, na shamba watu wametawanyika, kwa hiyo gharama ya shamba itapanda. Iwe mara mbili ikibidi. Bado si fedha ya kuishinda halmashauri tatu zikikaa pamoja, na ni fedha ya kuishinda halmashauri moja ikiachiwa peke yake kumlipia na jirani.

Hapo huzuka hoja nyingine: tugawane kwa watu au tugawane kwa maji? Wako wasemao mwenye majaruba mengi alipe zaidi, kwa kuwa mbu ni wake. Sisi tunaona si haki. Lambo lile hunywesha ng'ombe wa pande zote, na mpunga wa majaruba yale ndio tunaounua sisi na kuuleta huku mkaupika pilau. Mwenye maji akitozwa faini kwa maji yake, atayaficha, na mkaguzi hatamwonyesha madimbwi. Na walipe kwa hesabu ya vichwa, kwani mwenye kuumwa ndiye mwenye kufaidika na dawa, na mwenye maji atoe njia ya kupita na vijana wa kufanya kazi. Wala ugawaji wa namna hii si mgeni kwa halmashauri zetu. Fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya hugawiwa halmashauri kwa kutazama idadi ya watu kwanza, kisha umaskini, umbali na vifo vya watoto.

Mambo haya yamekwisha kufanywa na wenzetu, na mengine yamefanywa katika ardhi yetu. Kati ya mwaka 1954 na 1959 palikuwa na mpango wa malaria wa Pare na Taveta. Pare iko Tanganyika na Taveta iko Kenya, na mpaka baina yao ulichorwa na wakoloni. Lakini kwa kazi hii nchi ile ilifanywa uwanja mmoja, nyumba za pande zote mbili zikapigwa dawa iitwayo dieldrini, na wataalamu walikuwa wa taasisi moja ya Afrika Mashariki iliyokaa Amani, katika milima ya Usambara. Mbu wa aina moja, funestasi, karibu walitoweka majumbani. Mwaka 1959 upigaji dawa ukakoma, na baada ya muda mbu wakarudi. Taasisi yenyewe iliishi kwa mfuko wa nchi tatu mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977. Wakoloni hatuwasifu, walifanya majaribio yao na kuondoka. Bali twasema kwamba hata wao, waliopenda mipaka kuliko chakula, walipotaka kumshika mbu waliuinua mpaka juu kama mtu anyanyuavyo kamba ya kuanikia nguo apite.

Mfano wa pili ni wa kusini. Mwaka 1999 Afrika Kusini, Msumbiji na Swaziland (ambayo tangu 2018 huitwa Eswatini) zilifungamana katika nchi ya milima ya Lubombo. Afrika Kusini ilikuwa tajiri na homa yake ilikuwa kidogo. Msumbiji ilikuwa imetoka vitani na homa yake ilikuwa nyingi. Tajiri akaona kwamba akipiga dawa upande wake tu, kila mwaka atapiga. Basi fedha zikakusanywa, nyumba za upande wa Maputo zikapigwa dawa, na homa ikashuka Msumbiji, na ikashuka sana KwaZulu-Natal. Mwaka 2011 mpango ule ulifikia mwisho wa fedha zake, na baadaye homa ikapanda tena. Tutarudi kwenye mfano huu kabla hatujakaa.

Mfano wa tatu ni wa Marekani, nao ni wa namna ya kutoza. Huko halmashauri za kupiga vita mbu ni kongwe: New Jersey ilitunga sheria yake mwaka 1912, California mwaka 1915 ikaruhusu maeneo jirani kuungana na kujitoza kodi ndogo ya ardhi kwa ajili ya mbu tu. Lakini mtindo uliotupendeza sisi ni wa jimbo la Massachusetts. Huko miji iliyopakana hujiunga katika mradi mmoja wa mbu, na mchango wa kila mji hukatwa na serikali ya jimbo katika fungu la ruzuku ya mji ule kabla fungu halijaufikia mji wenyewe. Hapana kufuatana kwa barua, wala mkurugenzi kusema wiki ijayo. Mwenye duka yeyote humu atafahamu mara moja uzuri wake: deni linalokatwa katika mshahara hulipwa, na deni la kusubiri mtu akumbuke huishia katika daftari.

Kwa hiyo yale tuliyoyasema Bukene kwa viongozi na madiwani waliotaka kutusikia, na tutakayoendelea kuyasema, ni haya. Halmashauri zilizopakana zichague kwanza ukanda wa vijiji vya mpakani, si wilaya nzima. Ziwe na kamati moja ya madiwani kutoka kila upande, na akaunti moja. Mchango wa kila mmoja ukatwe Hazina katika ruzuku yake kabla ya kushuka. Dawa inunuliwe kwa oda moja Kibaha, kwani anunuaye lita elfu moja hasikilizwi kama anunuaye elfu ishirini. Watiaji dawa wawe wa vijijini, walipwe kwa wiki, na orodha ya madimbwi pamoja na hesabu ya fedha zibandikwe ukutani penye ofisi ya kijiji, apite kila mtu asome. Juu ya hili la kubandika hatutaki mjadala. Mfuko wa watu watatu usioonekana hesabu yake huwa mfuko wa mtu mmoja.

Ulizuka ubishi mkali wa haki, na hatutauficha. Bwana afya mmoja alituambia, kwa adabu, kwamba tunataka kuzima moto wa nyika kwa kikombe. Hoja yake ni kwamba Shirika la Afya Duniani hulikubali jambo hili kama nyongeza, mahali ambapo madimbwi ni machache, yanakaa mahali palepale na yanajulikana. Na Bukene mwezi wa Machi madimbwi hayana idadi. Chandarua chenye dawa, na kupimwa upesi na kupewa dawa mseto, ndizo silaha za kwanza. Twakubali, na yeyote asikiaye maneno haya asije akatoa chandarua chake akafungia kuku. Lakini Bukene si Machi mwaka mzima. Toka Juni hadi Oktoba nchi hukauka, maji hubaki katika malambo na visima vichache ambavyo hata mtoto mchungaji anaweza kuvitaja kwa majina. Hapo mbu wamekimbilia pembeni wangoje mvua. Hapo ndipo pa kuwapiga, kwa gharama ndogo, ili mvua ziwakute wachache. Na katika majaruba, ambayo hayawezi kutiwa dawa yote, wakulima wafundishwe kuyakausha siku chache kisha kuyajaza tena, jambo ambalo ni la maji na si la fedha, lakini nalo halifanyiki mpaka walio juu ya mfereji na walio chini yake wapatane.

Tena wako wasemao kwamba yote haya ni kazi ya wafadhili. Hao tunawauliza wamesikia redio lini mara ya mwisho. Fedha za Wamarekani za malaria, zilizoanza mwaka 2005 na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi tatu za mwanzo kuzipata, zilitikisika mwezi wa Januari 2025 kwa amri moja ya Rais wao ya kusimamisha misaada ya nje, na shirika lao la misaada likafungwa mwaka huohuo. Hatuwalaumu, fedha ni zao. Lakini mtu hajengi nyumba juu ya kiwanja cha kuazimwa kisha akashangaa mwenyewe akija na kamba ya kupima.

Sasa zamu ya wale wanaonong'onezana. Visiwa hivi vimekwisha kuishinda homa si mara moja. Mwisho wa miaka ya 1950 ulianzishwa hapa mpango wa kuifuta kabisa, nyumba zikapigwa DDT, homa ikashuka hata watu wakaanza kusahau kutetemeka. Mwaka 1968 kazi ikaachwa. Homa ikarudi, na ikarudi kwa watoto ambao miili yao haikuwa imeizoea. Tangu miaka ya 2000, kwa dawa mseto, vyandarua na kupiga dawa majumbani, imeshuka tena mpaka tukaipita Tanzania bara kwa jumla. Lakini mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 wagonjwa waliongezeka Unguja kiasi cha kuwashitua wakubwa. Na mgonjwa anayeonekana kituoni hufuatwa mpaka nyumbani kwake, na wa nyumba yake wakapimwa, na katika maswali anayoulizwa halikosekani hili: je, umesafiri bara hivi karibuni?

Wanaosafiri ni nani? Ni sisi. Ni vijana wetu wenye maduka Tabora, Nzega, Kahama na Isaka, wanaorudi Pemba kwa Idi, kwa harusi na kwa maziko. Mtu anaumwa na mbu Bukene Jumatano, Alhamisi anapanda basi, Ijumaa yumo ndani ya boti, na baada ya wiki mbili anatetemeka Wete kitandani kwa mama yake. Na mbu wa Wete hawakuhama, wanangoja tu damu yenye kitu ndani yake. Ndiyo maana tuliutaja ule mfano wa Lubombo. Afrika Kusini haikutoa fedha Maputo kwa sadaka. Ilitoa kwa sababu ilipiga hesabu, ikaona kwamba ni rahisi kumzuia mbu alipo kuliko kumfukuza mgonjwa kila mwaka. Nasi tunasema Zanzibar nayo ina hesabu ya kupiga pamoja na Tabora, hata ikiwa baina yao pana bahari, Pwani, Morogoro, Dodoma na Singida.

Tunaomba tawi hili lifikirie mambo mawili, na Katibu ayaandike ili yajadiliwe katika kikao kijacho. Kwanza, wajumbe wetu wa Baraza la Wawakilishi waulize serikali ni fungu gani linalotengwa kwa ajili ya malaria ya wasafiri, na kama limewahi kuzungumzwa na wenzao wa bara, khasa mikoa ya Tabora na Shinyanga ambako Wazanzibari wengi wanafanya biashara. Pili, sisi wenye maduka Bukene tumekubaliana tuanze wenyewe: kila duka linatoa shilingi 2,000 kwa mwezi, ziwekwe kando mpaka kamati ya halmashauri itakapoundwa, na ikiwa haitaundwa kabla ya kiangazi, zinunue mabomba ya mgongoni ya kijiji. Kwa maduka 30 ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Ni kidogo, tunajua. Daftari lake tumelileta, liko mezani kwa Katibu, na aliye na ndugu yake Nzega, Isaka au Tabora mjini anaweza kumwandikisha leo kabla ya kutoka.